Masizi Usoni na Haki ya Kujibu

Mwezi wa Juni mwaka 2022 shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilionyesha filamu ya uchunguzi ambayo ndani yake waandishi wawili, Runako Celina na Henry Mhango wa hapa Malawi, waliifuata asili ya video moja hata wakafika kijiji cha Njewa, pembezoni mwa jiji la Lilongwe. Katika video hiyo, ambayo ilikwisha kuzagaa duniani tangu mwaka 2020, walionekana watoto wadogo waliosimamishwa safu, nyuso zao zimekunjuka kwa furaha, wakikariri kwa sauti moja maneno ya Kichina waliyofundishwa na ambayo maana yake hawakuijua: kwamba wao ni zimwi jeusi, na kwamba akili zao ni haba. Mwenye kuwapiga picha wana wa kijiji kile alikuwa Mchina aitwaye Lu Ke. Na kwa mujibu wa filamu hiyo, video za watoto ziliuzwa kwao China kama salamu na maskhara, moja ikifikia hata dola 70, ilhali ujira wa mtoto kwa siku ulikuwa kama nusu dola. Habari zilipotangaa alikimbilia Zambia, akakamatwa Chipata, akarudishwa Malawi mwezi wa Julai, akashitakiwa, na mwisho wa shauri lake ukawa kutiwa hatiani na kuamriwa aondoshwe nchini.

Wako waliolihesabu jambo hili kuwa uovu wa mtu mmoja mwenye tamaa, wakaona kwamba maadamu mwovu ameshikwa, basi shauri limekwisha. Siwezi kuafikiana nao, kwa sababu mchuuzi hapeleki sokoni bidhaa isiyo na wanunuzi, na wanunuzi wa bidhaa ile walikwisha kuzoezwa kuipenda na chombo kikubwa na chenye hadhi kuliko simu ya mtu mmoja. Usiku wa kuamkia tarehe 16 Februari mwaka 2018, katika tamasha la mwaka mpya la televisheni ya taifa ya China, CCTV, ambalo hutazamwa na mamia ya mamilioni ya watu, ulichezwa mchezo wa kuchekesha uliokusudiwa kuisifu reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwezi wa Mei mwaka uliotangulia. Mwigizaji wa Kichina, Lou Naiming, alitokea jukwaani kama mama wa msichana wa Kikenya, naye amepakwa weusi usoni, amefungiwa makalio ya bandia, amejitwika matunda kichwani, na kandokando yake akimfuata mtu aliyevishwa umbo la tumbili. Kisha mama huyo akatangaza mbele ya hadhira jinsi anavyoipenda China. Wakenya, ambao sehemu kubwa ya gharama za reli ile ni deni shingoni mwao, wakajiona wamewekwa katika furaha ya watu wengine kwa sura ambayo hapana hata mmoja wao angeikiri kuwa ni ya mamaye.

Msemaji wa Wizara ya Mambo ya Nje ya China alipoulizwa, alijibu kwamba nchi yake inapinga ubaguzi wa rangi wa kila namna, na kwamba wenye kutaka kulitumia jambo lile kutia fitina baina ya China na Afrika watataabika bure. Mwezi wa Februari mwaka 2021 tamasha lile lile likaonyesha tena wachezaji waliopakwa weusi, wakicheza ngoma iliyoitwa ya Kiafrika. Mtu akikosa mara moja kwa kutojua, huelezwa akajua. Bali akirudia baada ya kuelezwa, udhuru wa nia njema humponyoka.

Na udhuru huo ni mkongwe. Walioukuza mchezo wa kujipaka masizi ili kuchekesha walikuwa Wamarekani weupe wa karne ya 19, na mashuhuri wao T. D. Rice, aliyejipatia mali na sifa kwa kumwiga mtumwa mweusi katika nchi ambayo mtumwa mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kupanda jukwaani akamwiga bwana wake. Mchezo ule ulivuka bahari ukapata makao Uingereza, na kuanzia mwaka 1958 hadi mwaka 1978 BBC ilikuwa na kipindi, *The Black and White Minstrel Show*, ambamo waimbaji weupe walijipaka weusi kila juma mbele ya mamilioni ya watazamaji, na kikatunukiwa tuzo ya Waridi la Dhahabu huko Montreux mwaka 1961. Mwaka uliofuata mhasibu mkuu wa shirika hilo hilo, Barrie Thorne, aliandika akiwaonya wakubwa wenzake kwamba kipindi kile ni fedheha kwao. Mwaka 1967 chama cha kupinga ubaguzi, CARD, kilipeleka maombi yenye sahihi za watu kutaka kiondolewe. Kipindi kiliendelea miaka 11 baada ya hapo. Nayataja haya kwa uchungu, kwa kuwa yanabatilisha hoja isemwayo kila mara, kwamba watu wa zamani hawakujua: walijua, waliambiwa na mtu wa nyumbani mwao na watu wa nje, ila aliyeumizwa hakuwa na kiti katika baraza lililoamua.

Wala mtu asidhani kuwa aibu hii ni ya Wazungu na Wachina peke yao. Misri, mchekeshaji mkubwa Ali al-Kassar alijenga umaarufu wake katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita kwa kujipaka weusi na kuwa Osman, mtumishi wa Kinubi. Na katika Ramadhani ya mwaka 2018, mwezi ambao familia za Kiarabu hukusanyika mbele ya televisheni baada ya futari, mchezo wa Kuwait uitwao *Block Ghashmara* uliwaonyesha Wasudani kwa nyuso za kupakwa na sifa ya uvivu, hata Wasudani wakahamaki na mwigizaji wake akaomba radhi. Karibu yetu zaidi, Leon Schuster wa Afrika ya Kusini alijipaka rangi kwa miaka mingi katika filamu zilizopendwa sana, na mwaka 2020 kampuni ya Showmax ikaziondoa baadhi yake ili zitazamwe upya. Na sisi wenyewe, tunaoyalaumu haya yote kwa haki, mara ngapi twamwona kijana wa Nairobi, wa Dar es Salaam au wa Lilongwe akivuta macho kwa vidole na kutoa sauti za kipuuzi apitapo Mchina, na wapita njia wakacheka?

Hapa ndipo swali linapokuwa gumu, kwa maana mtu aweza kuuliza: je, basi kila kumwiga mgeni ni haramu? Nami najibu kuwa sivyo, na ushahidi wangu ni nchi hii hii. Wachewa, ambao katika ardhi yao ya Dowa imesimama kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wana Gule Wamkulu, ngoma kuu ya chama cha Nyau, iliyoingizwa na UNESCO katika hazina za urithi wa wanadamu; na miongoni mwa vinyago vyake, pamoja na wanyama na mizimu, wamo wageni waliowahi kuitawala au kuitaabisha nchi. Yumo Simoni, mwenye uso mwekundu, ambaye ni Mzungu. Yumo Mariya, aliyetolewa katika mafundisho ya wamisionari ambao walipigana na Nyau kwa miaka mingi. Wamo wafanyabiashara ya watumwa. Jumba la makumbusho la Chamare huko Mua, lililoanzishwa na Padri Claude Boucher, limehifadhi mamia ya vinyago hivyo. Sisi wasemaji wa Kiswahili twapaswa kusimama mbele yao kwa adabu, tukikumbuka kwamba akina Jumbe wa Nkhotakota, waliovusha watu ziwa wakiwapeleka pwani, walisema lugha hii yetu, na kwamba katika dhihaka ile sisi pia tumo.

Je, nikasirike? Siwezi. Mchewa aliyechonga uso wa bwana mkubwa na kuuchezesha uwanjani hakumpokonya bwana huyo chakula wala heshima. Alijipatia pumzi kidogo katika dunia ambayo kodi, bunduki na sheria vyote vilikuwa upande wa pili, na aliyeigwa, kama angependa kujibu, alikuwa na magazeti, mahakama na mimbari za kujibia. Ni hivyo hivyo ngoma ya beni, iliyozaliwa katika miji ya mwambao wa Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ambamo vijana walivaa vyeo vya bandia na kupiga paredi kwa kuwaiga wanajeshi wa Kizungu, ikaenea kwa miguu ya askari wa Vita Kuu ya Kwanza hata ikafika Nyasaland, na matawi yake, malipenga na mganda, yangali yakichezwa kando ya ziwa hadi leo. Serikali ya kikoloni iliitilia shaka beni, lakini hapana gavana aliyekosa usingizi kwa kudhani kuwa wanawe watadhalilishwa kwa sababu yake.

Bora kuliko hiyo ni mila ya utani, ambayo wazee wetu waliikamilisha mpaka ikawa sheria isiyoandikwa. Utani wa Wangoni na makabila waliyopigana nayo katika karne ya 19 ulizaliwa na vita vilivyokwisha: waliokuwa wakiuana wakaafikiana kuchekana. Lakini angalia masharti yake. Mtani humtukana mtani wake akijua kuwa kesho atatukanwa yeye; humsema machoni, kwa lugha ambayo wote wawili waielewa; na msiba ukitokea, yule yule mwenye kukejeli ndiye aingiaye kaburini kuchimba, ndiye ahudumiaye wafiwa, na kejeli yake huwaondolea machozi kwa sababu mikono yake imejaa udongo wa kumzika ndugu yao. Mzaha wa namna hiyo una dhamana. Mtoto wa Njewa hakuwa na mtani; alikuwa na bwana aliyemlipa, lugha asiyoijua, na hadhira iliyo mbali asikoweza kufika hata kwa ndoto. Rangi ya masizi ni dalili tu ya maradhi, na maradhi yenyewe ni kule kumcheka mtu asiyeweza kusikia wala kujibu.

Haya yana uzito wa pekee Dzaleka, mwendo wa kilomita 40 na kidogo kutoka Lilongwe, mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wakati wa Kamuzu Banda, pakageuzwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Palikusudiwa watu kiasi cha 10,000 hadi 12,000. Leo wamo zaidi ya 50,000, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na Wahabeshi, na Kiswahili ndicho daraja lao. Mwaka huo huo wa 1994, wa mauaji ya kimbari ya Watutsi, redio ya RTLM ilikuwa hewani Rwanda, na walioisikiliza hukumbuka kuwa haikuanza kwa kuamuru mauaji. Ilianza kwa muziki na vichekesho, ikapendwa kwa mizaha yake, ikamzoeza msikilizaji kuwacheka jirani zake kwa pua na kimo, hata siku ilipowaita mende hakuona kuwa kuna jambo jipya. Mahakama ya Kimataifa ya Arusha iliwahukumu wakuu wake mwaka 2003. Mkimbizi aliyeokoka na hayo, au Mnyamulenge, Mtutsi wa Kongo, aliyeimbiwa umbo lake mitaani kabla ya kutupiwa mawe, haambiwi kuwa mzaha ni mzaha tu.

Na hata hapa Malawi, nchi ya watu wapole, hali imebadilika. Kuiga lafudhi ya mwenye duka wa Kirundi, ambaye hutamka Kichewa kwa ulimi wa kwao, kulikuwa jambo jepesi katika masoko ya Lilongwe, na mwenye duka mwenyewe aghalabu alicheka akapunguza bei. Lakini mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi wote waishio mijini warudi Dzaleka, na kuanzia mwezi wa Mei wakakamatwa majumbani na madukani mwao, watoto pamoja na wazazi; na tangu hapo lafudhi ile ile imekuwa alama ambayo kwayo mtu hutambulikana akachukuliwa. Maneno ya mchekeshaji hayakubadilika hata herufi, walakini yule anayechekwa hana duka tena la kusimama ndani yake akajibu.

Kambini wenyewe wameonyesha njia. Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa mwaka 2014 na mshairi wa Kikongo Trésor Nzengu Mpauni, ajulikanaye kama Menes la Plume, huwaleta Wamalawi kwa maelfu ndani ya Dzaleka, wakala na kulala katika nyumba za wakimbizi, wakatazama ngoma za Burundi na michezo yao ya kuigiza. Na humo Mrundi akimwiga Mmalawi na Mmalawi akamwiga Mkongo, wote wamekaa mkeka mmoja.

Malawi haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1999, na katika muda mfupi imejua nguvu zake: Michael Usi, ambaye nchi nzima ilimpenda kwa jina la Manganya katika mchezo wa *Tikuferanji*, aliteuliwa kuwa Makamu wa Rais mwezi wa Juni 2024. Nchi ambayo mchekeshaji wake aweza kufika huko haina haki ya kusema kuwa vichekesho ni upuuzi usiostahili kufikiriwa. Basi nawaomba wakuu wa vituo vya televisheni vya Lilongwe, na wenzao wa Nairobi na Dar es Salaam, wasirushe hewani mchezo wa kuwaiga watu wa taifa, kabila au rangi nyingine mpaka awepo mmoja wa watu hao katika chumba unapoandikwa, mwenye uwezo wa kusema hapana na akasikilizwa. Na nawaomba wazazi, wa vijijini na wa kambini, wasimruhusu mtu yeyote, awe mgeni au mwenyeji, kuwapiga picha watoto wao wakisema maneno ambayo mzazi hakuelezwa maana yake na mtu anayemwamini.