Kiota au Ngazi? Istilahi za Uhusiano wa Mmoja kwa Wengi

Mfasiri wa vitabu vya kompyuta akikutana na neno geni, mara nyingi hutafuta neno la Kiswahili lenye sura kama yake. Njia hiyo hufaa, lakini katika mada ya viunzi vya udumishaji yaweza kumfanya karani afute taarifa asizokusudia kuzifuta.

Yafaa tueleze kwanza kitu chenyewe. Programu inapofanya kazi huunda vitu katika kumbukumbu ya kompyuta. Mashine ikizimwa, vitu hivyo hutoweka. Kiunzi cha udumishaji ndicho kinachovihifadhi na kuvirejesha pamoja na uhusiano wake. Mfano mmoja ni Core Data, kilichotolewa na kampuni ya Apple mwaka 2005.

Tuchukue rejista ya shule. Shule ina mikondo mingi, na kila mkondo una wanafunzi wengi. Huu ni uhusiano wa mmoja kwa wengi uliorudiwa katika ngazi mbili. Kiingereza huueleza kwa neno litokanalo na kiota cha ndege, na mfasiri aweza kushawishika kusema "uhusiano wa kiota". Sisi hatuliafiki. Kinda aliyemo katika kiota kimoja hayumo katika kingine. Mwalimu wa Hisabati, kwa upande wake, hufundisha mikondo mitano. Tena, katika Core Data mwanafunzi hawekwi ndani ya mkondo. Mkondo hushika seti ya viungo vinavyoelekea kwa wanafunzi wake, naye kila mwanafunzi ana kiungo cha kurejea kwenye mkondo. Neno "seti", walilolizoea walimu, lafaa kabisa, maana seti haina wa kwanza wala wa mwisho. Uhusiano wenye mpangilio uliongezwa baadaye, mwaka 2011. Kwa hiyo twapendekeza "uhusiano wa ngazi kwa ngazi".

Hatari yenyewe imo katika ufutaji. Kila uhusiano hupewa kanuni yake. Kwa "futa mfululizo", mkondo ukifutwa, vilivyounganishwa nao hufutwa pia. Na mfululizo huo huendelea katika ngazi inayofuata iwapo tu uhusiano wa ngazi hiyo nao umepewa kanuni ile ile. Kwa "tengua", wanafunzi hubaki bila mkondo. Kwa "zuia", mkondo haufutiki maadamu una mwanafunzi hata mmoja. Ipo na ya nne, ya kutofanya lolote, ambayo huacha viungo vinavyoelekea pasipo na kitu.

Aliyefundishwa kwamba watu "wamo ndani" ya mkondo ataona kufuta mfululizo kuwa jambo la kawaida. Akiitumia kanuni hiyo kwa walimu, kufunga mkondo mmoja kutamfuta mwalimu ambaye mikondo mingine minne bado yamtegemea.

Tumechagua "tengua" badala ya "kata" kwa sababu ya kiofisi tu: rejista ya shule za Tanzania haikosi kutaja kata, yaani eneo la utawala, na maneno mawili ya sura moja katika fomu moja hayamsaidii karani.