Kwa Gari la Moshi Hadi Uvinza: Visima vya Chumvi vya Kale
(Sehemu ya Pili)

Mtu wa Mtendeli, wa Kibondo au wa Kasulu, ambaye reli kwake ni jambo la kuteremkia mbali, aghalabu hupanda gari la moshi Kigoma kwa sababu ya biashara au msiba, na likisha kuondoka hujifunika shuka akalala hata Tabora. Kwa kuwa makala iliyopita ilihusu ujenzi wa reli yenyewe, leo namwomba akae macho kwa kile kipande kilicho baina ya Kigoma na Uvinza, maana ndani yake mna athari za kazi iliyoitangulia reli kwa zaidi ya miaka elfu.

Wajerumani walianza kutandika reli Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Tabora 1912 na Kigoma Februari 1914, mwendo wa takriban kilomita 1,250. Na kwa njia hiyo hiyo vilisafirishwa vipande vya meli ya Ziwa Tanganyika, Graf von Götzen, ambayo tangu 1927 inaitwa Liemba. Gari likiisha kuliacha ziwa hufuata bonde la Luiche katikati ya michikichi, likapanda polepole mpaka Kazuramimba, kisha likakata miombo na kushukia Uvinza, mahali ambapo Mto Ruchugi, uchukuao mvua za vilima vya Kasulu, unakutana na Malagarasi. Aketiye dirishani hapo huona kwa jicho lake maji ya kwao yakiingia katika mto mkubwa.

Karibu na makutano hayo zimo chemchemi ambazo maji yake ni mazito kwa chumvi. Wakati wa masika mito hufurika na kuzifunika, kwa hiyo kazi ilikuwa ya kiangazi: watu walikuja kutoka Uha, Ujiji, Unyamwezi na hata Burundi, wakapiga kambi, wakachota maji, wakayachemsha vyunguni juu ya mafiga usiku na mchana, hata yakakauka ikabaki chumvi, nao watemi wa Kivinza, waliokuwa wenye visima, wakachukua ushuru wao katika chumvi iyo hiyo. Watemi hao ndio waliotoza hongo misafara ya Ujiji iliyotaka kuvuka Malagarasi. Wasafiri wa Kizungu nao walipita huko, Burton mwaka 1858 na Stanley mwaka 1871, na wote wawili walilipa kabla ya kuvushwa.

Mwaka 1967 wataalamu John Sutton na Andrew Roberts walifukua ardhi penye chemchemi hizo, wakakuta mashimo yaliyokandikwa udongo wa mfinyanzi, majivu, na vigae tabaka juu ya tabaka, na katika tabaka za chini kabisa kazi hiyo ikadhihirika kuwa ilikwisha anza yapata karne ya 5 au ya 6 Miladi. Kukitazama kigae kimoja kwa makini kwatosha: ubavu wa nje umeungua kwa moto, na ukingoni mna nakshi ambazo fundi alizichora kabla ya kukichoma chungu ambacho, kwa ukali wa kazi ile, hakikutazamiwa kudumu. Kwa rai yangu, nakshi hizo ni ushahidi wa ustaarabu usiopungua ule wa jengo lolote la mawe.

Wako wasafiri waendao mbali mpaka Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, kuangalia mifereji ya mawe iliyomwagilia mashamba hata yapata karne ya 18, nao wanafanya vema. Lakini ile imebaki magofu, hali Uvinza chumvi ingali ikitengenezwa hata leo. Hakika ni aibu kwamba watoto wetu wa Uha wamefundishwa habari za piramidi za Misri, na hawajapata kuambiwa habari za chumvi iliyokuwa jikoni kwa bibi zao.

Basi atakayeshuka Uvinza na aombe kwanza ruhusa, kwa kuwa sehemu ya mahali pale ni ya kazi na ina wenyewe. Wala asitie kigae mfukoni, hata kikiwa kidogo kama ukucha: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa na watu nchini kabla ya mwaka 1863, na kigae kilichoondolewa katika tabaka lake hakiwezi tena kumwambia mtaalamu umri wake.