Je, Wajua? Karata Zinazopigana Angani

Je, wajua kwamba vita vya ndege hupiganwa hata mezani, kwa karata, na viganja vikatoka jasho? Mchezo unaitwa Undaunted: Battle of Britain, umetungwa na David Thompson na Trevor Benjamin, ukatoka mwaka 2023. Mnacheza wawili: mmoja Mwingereza, mwenzake Mjerumani, mwaka ni 1940. Nimeucheza mara moja tu na bado moyo haujatulia!

Sikiliza hii. Ndege yako ikipigwa, hupotezi pointi, unapoteza karata yake! Inasakwa kwanza mkononi mwako, kisha kwenye ulizokwisha tupa, kisha kwenye fungu lako, na ikipatikana hairudi tena. Siku ndege hiyo itakapokuwa haina karata iliyobaki popote, pigo moja tu linaing'oa kete yako ubaoni.

Na kabla hata hujarusha dadu, kuna mtihani. Unavuta karata nne, moja unaitoa kifudifudi kushindania nani aanze, namba kubwa ndiyo hushinda. Nilikuwa na karata moja nzuri kuliko zote, nikaigeuza vidoleni weee, mwisho nikaitoa. Nikaanza mimi, lakini na zile tatu dhaifu! Wewe ungeitoa?

Ndege nayo haisimami. Lazima isonge mbele, na ukimpita adui akabaki mgongoni kwako, shauri yako.

Haya, tutoke mezani twende angani kwenyewe, kwenye vita vya kweli vya 1940 juu ya Uingereza. Wajua rubani wa Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, mwaka 1940 alikuwa na bunduki 8, kila moja na risasi kama 300? Hebu kisia zilidumu muda gani. Sekunde 15 hivi! Mjerumani naye, ndani ya Messerschmitt 109, alivuka bahari akafika London akiwa na mafuta ya kupigana dakika 10 tu, kisha ageuze arudi.

Spitfire ndiyo iliyoimbwa, sivyo? Basi ujue Hurricane, ndege nyingine za Uingereza, ndizo zilizoangusha ndege nyingi zaidi za adui katika vita vile. Naona hazijatendewa haki mpaka leo.

Ngoja, hii nimeipenda kupita zote. Spitfire ikiinamisha pua ghafla, injini ilikata, kwa sababu mafuta yalivurugika ndani ya kabureta. Messerschmitt haikuwa na shida hiyo, ikapiga mbizi na kutokomea! Mhandisi Beatrice Shilling, mwanamke aliyekuwa pia mwendesha pikipiki za mashindano, akalipunguza tatizo hilo mwaka 1941. Kwa kutumia nini? Kidude cha chuma chenye tundu katikati!

Unadhani waliorusha ndege za Uingereza walikuwa Waingereza watupu? Wapolandi pekee walikuwa 145. Josef František, Mcheki, alihesabiwa ndege 17 za adui ndani ya Septemba 1940, kisha akafa Oktoba 8, kabla vita havijaisha.

Na hii inatuhusu sisi. Roald Dahl, yule mwandishi wa vitabu vya watoto, Vita vya Pili vya Dunia vilimkuta Dar es Salaam akiifanyia kazi kampuni ya mafuta ya Shell. Akaendesha gari hadi Nairobi kujifunza urubani. Alikuwa na urefu wa futi 6 na inchi 6, kichwa kikachungulia juu ya kioo cha ndege ya mafunzo! Aprili 1941 alikuwa Ugiriki, anapigana ndani ya Hurricane.

Sasa nikuulize: wajua vita vile vya angani juu ya Uingereza viliongozwa juu ya meza, kwa kete? Ni kweli kabisa! Kule Uxbridge, Uingereza, ngazi 76 chini ya ardhi, wasichana wa jeshi la anga walisukuma kete juu ya ramani kubwa kwa fimbo ndefu. Rangi za kete zilikuwa nyekundu, njano na buluu, zikibadilika kila dakika 5 kufuatana na saa ya ukutani, ili ijulikane ni habari ya dakika ipi.

Septemba 15, 1940, waziri mkuu Churchill alikaa mahali pa juu akiitazama meza hiyo. Akamuuliza kamanda Keith Park, mtu wa New Zealand, ndege za akiba ziko ngapi. Akajibiwa: hakuna.

Chumba hicho kipo hadi leo, na meza ya ramani imo ndani yake. Ukifika Uxbridge, shuka ngazi ukaione.