Kuhesabu karata: Mwanafunzi ajue hesabu ya fedha kabla ya safari ya kasino

MCHEZAJI wa Korogwe au Handeni aliyekulia kwenye mkeka wa wahedi wa sitini hahitaji kuelezwa maana ya kuhesabu karata. Anajua ni turufu ngapi zimekwisha kutoka, anajua ree ya kopa haijaonekana, na kimya kimya anajumlisha alama zake kuelekea 61, ambazo ni moja zaidi ya nusu ya zile 120 zilizomo mchezoni. Kumbukumbu hiyo hiyo, ikipangwa kwa utaratibu mwingine, ndiyo inayotumika katika mchezo wa kasino unaojulikana duniani kwa jina la Blackjack, yaani ishirini na moja.

Katika mchezo huo kila mshiriki hupambana na mgawaji peke yake. Wazungu wote, wa pili, wa tatu na wa nne, huhesabiwa 10. Ree ni 1 au 11. Anayevuka 21 ameshindwa. Mgawaji hana hiari: sharti aendelee kuchukua karata mpaka afikishe 17. Mchezaji anayepewa ree na karata ya 10 kwa mkupuo wa kwanza hulipwa mara moja na nusu ya dau lake.

Mtaalamu wa hisabati wa Marekani, Edward Thorp, alitumia kompyuta kuuchunguza mchezo huu, na mwaka 1962 akachapisha kitabu, Beat the Dealer, kilichoonyesha kuwa kasino inaweza kushindwa kihalali. Hoja yake ni nyepesi. Karata iliyokwisha kutoka hairudi mpaka zichanganywe upya. Zikitoka ndogo nyingi, zilizobaki ni kubwa, na kubwa humfaa mchezaji kwa sababu ree na 10 hukutana mara nyingi zaidi, huku mgawaji mwenye 16, anayelazimika kuchukua nyingine, akivuka 21 kwa urahisi.

Anayeanza hufundishwa kwanza jedwali la msingi: lini kuchukua, lini kusimama. Kwa mfano, mwenye 16 husimama iwapo karata ya mgawaji iliyo wazi ni 6, lakini huchukua iwapo ni 10. Bila jedwali hilo, kuhesabu hakuna faida yoyote, na hapa ndipo wengi wenye pupa huharibikiwa.

Kisha huja hesabu yenyewe. Karata ya 2 hadi 6 huongeza moja. Ya 7, 8 na 9 haibadilishi kitu. Ya 10, wazungu na ree hupunguza moja. Zikitoka 5, mzungu, 2, 9, 6 na ree, jibu ni moja ya kuongeza. Pakiti nzima ya karata 52 ikihesabiwa hadi mwisho lazima irudi sifuri, kwani 20 huongeza na 20 hupunguza. Hilo ndilo zoezi la nyumbani, na mazoea ni kulimaliza chini ya nusu dakika. Kwa kuwa meza nyingi hutumia pakiti sita, jumla hugawanywa kwa idadi ya pakiti zilizobaki: sita kwa pakiti tatu ni mbili.

Mpaka hapo mambo ni rahisi. Fedha ndiyo ngumu.

Anayefuata jedwali vizuri bado huiachia kasino takriban nusu ya asilimia ya kila dau. Kila nambari moja ya hesabu iliyogawanywa humrudishia karibu nusu ya asilimia. Tuchukue muuza mahindi wa Handeni mwenye Sh500,000, anayeweka Sh10,000 kwa mizunguko 100 katika saa moja, na tumpe faida ya asilimia moja, ambayo wanaoanza ni nadra kuifikia. Matarajio yake ni Sh10,000 kwa saa. Lakini mtikisiko wa kawaida wa bahati katika mizunguko hiyo ni kama Sh115,000, juu au chini. Saa chache mbaya, zisizo za ajabu hata kidogo, zinatosha kummaliza kabla faida haijajitokeza. Na hapo hatujataja nauli ya karibu kilomita 300 kutoka Korogwe hadi Dar es Salaam, wala malazi.

Kasino nazo hazikulala. Nyingine huchanganya karata mapema, nyingine hutumia mashine zinazochanganya mfululizo, na nyingine hulipa sita kwa tano badala ya tatu kwa mbili, badiliko linaloongeza mapato yao kwa zaidi ya asilimia moja. Kuhesabu kwa kichwa si udanganyifu, ila katika nchi nyingi mwenye kasino anaweza kumwomba mtu aondoke. Hapa nchini michezo hii husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi.

Ujuzi huu hausaidii kitu kwenye mashine za sarafu, maarufu kama dubwi, zilizosambaa hadi miji midogo. Kila mzunguko hupangwa upya na programu, na uliopita hauachi alama. Ndivyo ilivyo kwa ishirini na moja ya kwenye simu inayoendeshwa na programu: pakiti huchanganywa kila mara.

Kuhusu karata tatu za stendi, hapo hakuna cha kuhesabu. Karata inayotafutwa huhamishwa kwa wepesi wa vidole, na anayeonekana kushinda mbele ya abiria ni mwenzake mchezeshaji.