X Nyekundu, X ya Kijani

Wakazi wa kandokando ya barabara kuu za Tanzania wameizoea alama ya X hata haihitaji kufasiriwa. Lakini ni wachache, nadhani, waliopata kuitazama rangi yake kwa makini, ilhali rangi ndiyo hukumu yenyewe. X nyekundu humwambia mwenye nyumba kwamba ameivamia hifadhi ya barabara, basi na abomoe mwenyewe, kwa gharama yake, bila ya fidia. X ya kijani humwambia kwamba sheria ndiyo iliyopanuka ikamkuta alipo, na kwa hiyo anastahiki kulipwa kabla ya kuondoka. Asili ya kijani hicho ni Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, ambayo kwayo hifadhi ya barabara kuu ilisogea kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande: aliyekuwa amekwisha jenga ndani ya zile mita saba na nusu zilizoongezwa hupata kijani, na aliye ndani zaidi hupata nyekundu.

Nyumba iliyokaa juu ya mstari je, baraza yake huku na chumba cha kulala kule? Swali hilo lilinikera hata nikamtafuta mzee mmoja, mstaafu, ambaye katika ujana wake kazi yake ilikuwa kuwashikia wapima utepe, na ambaye jina lake ameniomba nilihifadhi.

"Watu hudhani ugomvi uko mwisho wa utepe, kwenye ukuta wa mtu," aliniambia. "Ugomvi, mwanangu, uko mwanzo wake."

Utepe huanzia katikati ya barabara. Na katikati hiyo, alinieleza bila ya haraka, si kitu kilichochimbiwa ardhini, kwani barabara ikijengwa upya, ikapindishwa kidogo kulikwepa bonde au kunenepeshwa upande mmoja tu, katikati yake huhama, na nyumba isiyosogea hata shubiri hujikuta imekwisha kuwa ndani. Ndiyo maana maafisa hupenda kuwagawa watu mafungu mawili, walioifuata barabara na waliofuatwa nayo, mgawanyo ambao mzee haukatai, ila huuliza ni kwa katikati ipi, ya leo au ya zamani. Aliwahi kusimama baina ya majirani waliopakana, ambao wazee wao walijenga msimu mmoja, akaona mmoja akipakwa kijani na mwenziwe nyekundu kwa sababu ya baraza iliyotangulia mbele kidogo. "Nilimpa pole. Sikuwa na kingine cha kumpa."

Katika Barabara ya Morogoro kadhia ilikuwa nzito zaidi, maana huko hifadhi ilihesabiwa kuwa mita 121.5 kila upande, na mwaka 2017 maskani za watu toka Kimara hadi Kiluvya ziliangushwa, huku wenyewe wakilalamika kwamba serikali hiyo hiyo iliwaunganishia umeme na kupokea kodi zao za majengo. Novemba mwaka ule Rais Magufuli aliamuru jengo la TANESCO la Ubungo nalo livunjwe pale lilipoingia hifadhini, na wengi wakasema kwamba sasa insafu imetimia. Mimi sikuiona. Shirika la umma likivunjiwa ofisi, hazina ya umma hulijengea nyingine. Aliyevunjiwa nyumba ya kiinua mgongo chake hana hazina. Isitoshe, kitambo kidogo kabla ya hapo, Rais huyo huyo, akiwa Mwanza, alikuwa amezuia kubomolewa kwa nyumba zilizo jirani na uwanja wa ndege, akizitaja kura alizopewa huko.

Nilipomtajia mzee habari ya Mwanza hakutaka kuingia katika siasa, alitaka hesabu. Barabara ya Kimara hadi Kibaha leo ina njia nane. Hata kila njia ukiipa mita tatu na nusu, alisema, jumla ni mita 28. Ongeza mitaro, ongeza njia za waendao kwa miguu, ongeza utakacho, bado hujaikaribia nusu ya mita 243 zilizosafishwa.

"Basi hizo zilizobaki," akaniuliza, "amewekewa nani?"