Mwalimu Aliyefuata Udongo Wake

Haya, sogeeni. Mkeka ni mpana, unatutosha wote.

Jana tulikuwa tunatoka sokoni Kibiti, mimi na mpwa wangu. Akaniuliza: "Mjomba, wale wazee wawili wanaocheza bao pale mwembeni, kila mmoja anamwita mwenzake Mwalimu. Sasa mwanafunzi ni nani?"

Nikasimama palepale njiani. Swali kama hilo linatoka kwa mtoto mwenye macho. Nikamnunulia kashata, nikamwahidi kwamba leo nitamjibu mbele yenu wote.

Wote wawili ni walimu, wanangu. Ni walimu wastaafu. Mstaafu ni nani? Mwalimu wa shule ya serikali akifika miaka 55 anaweza kuomba kupumzika. Akifika 60, ni lazima apumzike. Anakabidhi chaki. Anakabidhi funguo. Anaagwa kwa pilau na hotuba. Lakini jina halikabidhiwi. Julius Nyerere alikuwa akifundisha Pugu, shule ya bweni, akaiacha kazi hiyo mwaka 1955 ili aingie kwenye kudai uhuru. Akawa Waziri Mkuu. Akawa Rais. Na mpaka anafariki mwaka 1999, watu walimwita nani? Ndiyo, Mwalimu.

"Na shule ya bweni ni nini, Mjomba?"

Ni shule ambayo jioni ikifika hakuna anayekwenda kwao. Ni kama ua mmoja mkubwa wenye watoto mia kadhaa na chungu kimoja. Chungu chenyewe ni sufuria pana, na mwiko wa kusongea ugali ni mrefu kama kasia la mtumbwi. Mnakula pamoja bwaloni, mnalala pamoja bwenini. Na walimu je? Nao wanakaa humohumo, kwenye nyumba za shule. Hapa kwetu ipo Sekondari ya Kibiti, na watoto wake wametoka mikoa mingi.

Wazee wetu wawili walifundisha katika shule ya bweni. Mmoja alifundisha Hesabu. Mwingine alifundisha Jiografia. Huyu wa Jiografia ni mtoto wa delta ya Mto Rufiji, Mndengereko, aliyezaliwa kule ambako mikoko inasimama majini kwa mizizi yake kama watu waliokunja suruali. Huyu wa Hesabu kwao ni mbali, Usangu, mkoani Mbeya. Alipata barua ya kupangiwa kituo. Akafunga sanduku, akaja.

Siku ya kwanza Mwalimu wa Jiografia alimpeleka shambani kwake, akachota udongo mweusi wa mpunga, akamwekea mkononi.

"Unaujua huu?"

"Siujui."

"Utazame vizuri, ni wa kwenu."

Alikuwa anasema kweli. Mto Ruaha Mkuu unaanzia huko juu Usangu. Unashuka, unashuka, mpaka unamwagia maji yake Rufiji. Kilombero na Luwegu nayo inaleta ya kwake, Luwegu ikitoka upande wa Songea. Maji hayo yote yanabeba udongo, kama mama anavyobeba unga kutoka mashineni. Yakifika huku kwetu yanachoka. Nchi ni tambarare, na bahari inajaa na kupwa mara mbili kwa siku, inayasukuma nyuma. Basi maji yanautua mzigo. Miaka mingi, mingi sana, mzigo juu ya mzigo, ndiyo delta hii. Ndipo ulipoota msitu mkubwa wa mikoko kuliko yote katika pwani ya Afrika Mashariki. Maji yanapita, udongo unabaki. Semeni na mimi: maji yanapita, udongo unabaki.

"Kumbe umefuata udongo wako!" Mwalimu wa Jiografia alimwambia. Utani wao ulianzia hapo.

Sasa sikilizeni ringi. Ringi gani? Ringi ya lori iliyoning'inizwa kwenye tawi la mkorosho, ndiyo kengele ya shule. Ringi haina macho, lakini ilisikia kila kitu. Inasema hivi:

"Mimi nilipigwa alfajiri, wakaamka. Nilipigwa mchana, wakala. Nilipigwa usiku, wakalala. Walimu wawili hawa niliwajua kwa mkono. Wa Hesabu alinipiga mapigo kumi, hayazidi, hayapungui. Wa Jiografia alinipiga mpaka aone mtoto wa mwisho ametoka bwenini.

"Usiku mmoja wa masika mtoto wa kidato cha kwanza alishikwa na homa kali. Gari la shule lilikuwa limekwama kwenye tope huko njiani. Wa Hesabu ndiye aliyekuwa mwalimu wa zamu. Akagonga dirisha la mwenzake. Hawakusemezana sana. Mmoja alishika usukani wa baiskeli, mwingine akamshikilia mtoto kwenye keria. Nani ashike tochi? Mikono imeisha. Wakaing'ata kwa meno, kwa kupokezana, mpaka hospitali.

"Alfajiri wakarudi. Mtoto amelazwa, anaendelea vizuri. Nikapigwa mapigo kumi. Kipindi cha kwanza kilikuwa cha Hesabu, na mwalimu aliingia darasani suruali ikiwa na tope mpaka magotini."

Ahsante, ringi.

Siku hizo Daraja la Mkapa halikuwapo. Lilifunguliwa mwaka 2003, karibu kilometa moja ya daraja. Kabla yake watu walivuka Rufiji kwa kivuko pale Ndundu. Mto ukifura, kivuko kinasimama, na watoto wanaotoka Lindi na Mtwara wanakwama ng'ambo. Shule imefunguliwa, vitanda vitupu. Wazee wetu walikuwa wanakaa barabarani na ndoo ya uji, wakisubiri lori lililowabeba hao watoto. Wakati mwingine uji ulipoa, wakarudi, wakaupasha moto, wakaenda tena. Hili mimi nalipenda kuliko mengine yote niliyowaambia leo. Mtu akikusubiri na uji usiku, utamsahau vipi?

"Lakini Mjomba, Mwalimu wa Hesabu alipostaafu mbona hakurudi kwao?"

Ah, hilo nalo ni swali la mtu mzima. Alirudi. Alichukua kiinua mgongo chake, akaenda Usangu. Kaka zake walishafariki. Vijana walimsalimia kwa heshima, lakini hawakumjua. Jioni alikaa kibarazani akisubiri mtu wa kumtania, na hakuja mtu. Masika mbili tu, akapanda basi. Alifika Kibiti na sanduku lilelile. Mwenzake alikuwa mwembeni, ameshapanga kete za bao, akamwambia, "Umechelewa kipindi, Mwalimu."

Ndivyo walivyo walimu wengi wa bweni. Waliishi mbali na ndugu wa damu. Mtoto wa mmoja akiugua, mke wa mwingine ndiye aliyekesha naye. Mshahara wa mmoja ukichelewa, sufuria ilikuwa moja. Waliishi hivyo miaka thelathini. Majirani kama hao, ukiniuliza mimi, ni ndugu kamili.

Mnakumbuka Aprili 2024? Mto ulifurika, mashamba ya Rufiji na Kibiti yakazama. Mpunga wa Mwalimu wa Jiografia ulikwenda wote. Akatoka huko na dada yake, wajukuu wanne na kuku mmoja. Walikwenda wapi? Kwa Mwalimu wa Hesabu. Alitoa chumba chake, yeye akalala sebuleni. Kila asubuhi alipima mchele kwa kikombe, akihesabu vichwa kama kwenye paredi.

Mwalimu wa Jiografia akamwambia, "Maji ya kwenu yamenifukuza."

Akajibiwa, "Kaa hapa basi, mpaka niyakemee."

Nilikuwapo. Wazee hao walicheka mpaka wakafuta machozi, na sikuweza kujua yalikuwa machozi ya nini.

Maji yanapita...

Vizuri! Udongo unabaki.

Sasa kesho mkitoka shule, piteni mwembeni. Mwalimu wa Hesabu haoni vizuri siku hizi, anazitambua kete kwa kupapasa mashimo, na mwenzake ndiye anayemsomea gazeti. Msipite kimya. Simameni, mseme kwa sauti: "Shikamooni, walimu." Kisha waulizeni swali lolote mlilonalo. Wana muda, na wanawasubiri.