Skrini tatu za michezo: Kwa nini kadi mbili si dawa tena

KIJANA aliyedunduiza fedha mwaka mzima ili ajiundie kompyuta ya michezo yenye skrini tatu huingia madukani jijini Nairobi na swali moja. Je, anunue kadi moja ya michoro yenye nguvu, au anunue mbili za bei nafuu na kuzifunga pamoja?

Muuzaji mwenye kadi kuukuu zilizomlalia dukani humjibu upesi kwamba mbili ni bora. Hesabu yake huonekana nyepesi: kadi mbili, nguvu maradufu. Hesabu hiyo ilikuwa na chembe ya ukweli mnamo 2010. Leo humwacha mnunuzi na mtambo unaokula nafasi na pesa, huku nusu yake ikisinzia mchezo unapochezwa.

Kadi ya michoro ndiyo inayochora kila kinachoonekana kwenye skrini, nukta kwa nukta. Nukta hizo huitwa pikseli. Skrini ya kawaida ina pikseli 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, yaani 2,073,600 kwa jumla. Zikipangwa tatu ubavu kwa ubavu, kadi hulazimika kuchora pikseli 6,220,800 kwa kila picha. Mchezo wa mbio za magari ukitaka picha 60 kwa sekunde ili uende bila kukwama, hizo ni zaidi ya pikseli milioni 373 kila sekunde. Ndiyo maana swali la kadi humkera mwenye skrini tatu kuliko mchezaji mwingine yeyote.

Wazo la kugawanya kazi hiyo baina ya kadi mbili lina umri mkubwa kuliko wachezaji wengi wa leo. Mnamo 1998 kampuni ya 3dfx ilitoa kadi ya Voodoo2 ambayo ingeweza kuunganishwa na pacha wake, moja ikichora mistari ya witiri na nyingine ya shufwa. NVIDIA, iliyonunua mali ya kampuni hiyo ilipofifia, ilifufua jina la mfumo huo, SLI, mwaka wa 2004. Mwaka uliofuata ATI ikajibu kwa mfumo wake, CrossFire. Kampuni hiyo ilinunuliwa na AMD mnamo 2006.

Habari ya skrini tatu ilikuja kushika kasi baadaye. Matrox ilikuwa imejaribu mwaka wa 2002 kwa kadi yake ya Parhelia, lakini kadi hiyo haikuwa na nguvu za kutosha kwa michezo. Mnamo Septemba 2009 AMD ilizindua Eyefinity, iliyowezesha kadi moja ya Radeon HD 5870 kuendesha skrini tatu kana kwamba ni moja pana. NVIDIA ilifuata mwaka wa 2010 na mfumo wa Surround, ila kulikuwa na kikwazo. Kadi yake kuu ya wakati huo, GeForce GTX 480, haikuweza kuendesha zaidi ya skrini mbili kwa wakati mmoja. Aliyetaka ya tatu hakuwa na budi kununua kadi ya pili.

Hapo ndipo ushauri wa kadi mbili ulipopata mizizi. Haukuwa ushauri mbaya. Ulikuwa sharti la mtambo. Sharti lenyewe liliondoka Machi 2012, GeForce GTX 680 ilipotoka ikiwa na uwezo wa kuendesha skrini tatu za mchezo na ya nne kando. Ushauri, kama ilivyo desturi ya ushauri wa madukani, haukuondoka nao.

Sababu iliyobaki ilikuwa kasi. Katika mfumo uliozoeleka zaidi, kadi mbili zilifanya kazi mithili ya wanakili wawili waliopewa kitabu kimoja, huyu akiandika ukurasa wa kwanza na wa tatu, yule wa pili na wa nne. Iwapo wote wana kasi sawa, kitabu humalizika kwa karibu nusu ya muda. Tatizo ni kwamba kurasa hazikuwasili kwa mpigo ulio sawa. Mbili zilifika zikiwa zimefuatana, kisha pengo, kisha mbili tena. Kipimo cha kompyuta kilionyesha picha 60 kwa sekunde ilhali jicho la mchezaji liliona mchezo unaogugumia. Mnamo 2013 AMD ililazimika kutoa programu mpya ya kuendesha kadi zake ili kupunguza kasoro hiyo.

Jambo la pili, ambalo huwaponza wengi hata leo, ni kumbukumbu ya kadi. Kadi mbili za gigabaiti 8 hazimpi mchezaji gigabaiti 16 katika mfumo huo. Kila kadi hubeba nakala yake kamili ya mchezo, hivyo zinazotumika hubaki 8. Kwa mwenye skrini moja hilo lingevumilika. Kwa mwenye tatu, ambaye kumbukumbu ndiyo humwishia mapema, ni kasoro inayogusa kiini cha mahitaji yake.

Michezo yenyewe ilikuja kuubomoa mpango huo. Michezo ya kisasa hulainisha kingo za picha kwa kuazima habari kutoka picha iliyotangulia. Mnakili wa ukurasa wa pili sasa hawezi kuanza mpaka aone wa kwanza umeandikwaje, na faida ya kugawana kazi hupotea. Isitoshe, kuanzia mifumo ya DirectX 12 na Vulkan, jukumu la kuzishirikisha kadi mbili lilihama kutoka kwa waliounda kadi hadi kwa wanaotunga michezo. Wengi wao hawakuona sababu ya kuhangaika kwa ajili ya wateja wachache hivyo. Waliojishughulisha, kama watunzi wa Shadow of the Tomb Raider wa mwaka wa 2018, wanahesabika.

Kampuni nazo zikajitoa. Kadi za Radeon RX 5700 za mwaka wa 2019 zilikuja bila CrossFire. NVIDIA ilitangaza mnamo 2020 kwamba kuanzia Januari 1, 2021 haingeongeza mchezo wowote mpya katika orodha ya inayosaidiwa na SLI kupitia programu zake. Katika familia ya GeForce RTX 30 ni kadi za daraja la RTX 3090 pekee zilizobaki na kiungio cha kuzifunga mbili pamoja. RTX 4090 ilipotoka Oktoba 2022, kiungio hicho hakikuwepo tena.

Mnunuzi wa mitumba anafaa kuwa macho zaidi. Baada ya sarafu ya kidijitali ya Ethereum kuacha kuchimbwa kwa kadi za michoro Septemba 2022, kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi hiyo usiku na mchana zilimwagika sokoni. Zipo zinazouzwa mbilimbili, kama viatu. GeForce GTX 1060 ni mfano wa kutahadharisha: kadi hiyo ya mwaka wa 2016 haikuwahi kuwekewa kiungio cha SLI. Aliyenunua jozi yake kwa ajili ya michezo amenunua moja ya kutumia na moja ya kuhifadhi kabatini.

Basi achague nini? Jibu la leo ni kadi moja, na kigezo cha kuipima si kigumu. Majaribio mengi ya kadi yanayochapishwa hupimwa kwenye skrini ya 4K, yenye pikseli 3840 kwa 2160. Skrini tatu za kawaida zina robo tatu kamili ya pikseli hizo. Hivyo, kadi inayoendesha mchezo fulani vyema kwenye 4K haitatatizwa sana na skrini tatu za 1920 kwa 1080. Aliye na tatu za 2560 kwa 1440 yuko upande wa pili wa mizani: anahitaji pikseli 11,059,200, thuluthi moja zaidi ya 4K, na apunguze matarajio ipasavyo. Akiba kidogo iachwe pia kwa kuwa upana huleta vitu vingi zaidi machoni, miti, magari na watazamaji, na kazi hiyo huangukia hata kichakataji cha kompyuta.

Kwa upande wa kumbukumbu, gigabaiti 12 ni kiwango cha chini cha busara kwa skrini tatu za kawaida, na 16 kwa zile za 1440. Anayebanwa na bajeti ni heri apunguze ubora wa vivuli kwenye mchezo au atumie mbinu za kukuza picha kama DLSS na FSR kuliko kununua kadi ya pili.

Matundu ya kadi yahesabiwe kabla ya malipo. Kadi nyingi za sasa huwa na matundu matatu ya DisplayPort na moja la HDMI, lakini zile za bei ya chini huweza kuwa na pungufu. Wapo wanaochomeka skrini ya tatu kwenye tundu lililo kwenye bodi kuu ya kompyuta. Itawaka, na itafaa kwa barua pepe, lakini haitaungana na wenzake katika picha moja pana ya Surround. Skrini zenyewe ziwe za aina moja ikiwezekana, kwani tofauti ya ukubwa au rangi hukera zaidi zinapokaa pamoja.

Umeme nao una kauli yake. RTX 3090 moja hutumia hadi wati 350. Mbili ni 700, kabla ya kuhesabu sehemu nyingine za kompyuta. Saa nne za mchezo kwa kiwango hicho ni yuniti 2.8, na kifaa cha kugawa umeme ndani ya kompyuta, ambacho mafundi hukiita pawa saplai, lazima kiwe cha kumudu mzigo huo. Bodi kuu nayo mara nyingi hugawa njia ya mawasiliano kadi ya pili inapochomekwa, au huipa hiyo ya pili kichochoro chembamba.

Hii haimaanishi kwamba kadi mbili hazina kazi duniani. Wanaotengeneza filamu za katuni kwa programu ya Blender hunufaika nazo kikamilifu, kwa sababu hapo kila kadi huchora sehemu yake bila kumsubiri mwenzake. Wanaoendesha mifumo ya akili unde nyumbani huigawa mifumo hiyo juu ya RTX 3090 mbili na kutumia gigabaiti zote 48. Hata mchezaji anayehifadhi michezo ya miaka ya 2010 anaweza kufurahia jozi ya GTX 1080 Ti, mradi ajue anachonunua ni kumbukumbu ya enzi.

Anayeamua kununua kadi moja iliyotumika aombe iwashwe pale pale dukani, iendeshe mchezo mzito kwa nusu saa huku akisikiliza feni na kutazama joto. RTX 3090 hasa ichunguzwe mgongoni, ambako nusu ya chipu zake za kumbukumbu hukaa na kupata joto jingi. Kisha skrini ichomekwe kwenye tundu moja baada ya jingine. Mojawapo likikataa, yahesabiwe yaliyosalia kabla ya pesa kutoka mfukoni.